Panga sarafu kwa kiwanda, si kwa jina la nchi

Albamu nyingi za sarafu hupangwa kialfabeti: Afrika Mashariki, Australia, Fiji, Ubelgiji, Ufaransa. Kwa sarafu za kawaida sina ugomvi na mpango huo. Kwa zile ambazo nchi moja iliichapia nyingine, mpango huo unaficha jambo lenyewe. Jina lililo usoni ni la mteja tu. Aliyeichapa, yaani kiwanda cha sarafu, yumo katika herufi ndogo, moja au mbili, ambazo macho matupu huzipita bila kuziona, na ndiye anayestahili ukurasa wake.

Chukua sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919. Zisizo na herufi kwa kawaida ni za London. H ni Heaton wa Birmingham, kampuni binafsi iliyonunua mitambo ya zamani ya Soho mwaka 1850 na kuchapia nchi nyingi duniani. KN ni King's Norton, nayo ya Birmingham. Ghafla, miaka ya vita vya pili, zinatokea I ya Bombay na SA ya Pretoria. Ziweke kwa mfuatano wa viwanda na utaona vita vikipita mbele yako bila kusoma kitabu: kazi inahama Uingereza, inasogea karibu na Bahari ya Hindi, kisha amani inarudi na H na KN zinarudi nazo.

Kwa anayeanza, ningependekeza senti 5 na senti 10 za 1936 zenye jina la mfalme wa Uingereza Edward VIII. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyoingia sokoni, kwa kuwa aliachia kiti Desemba mwaka huohuo. Huku zilitumika, kwa sababu sarafu hizi zina tundu katikati na hazihitaji sura ya mfalme, jina lilitosha. Zipo zisizo na herufi, zipo za H, zipo za KN, na si adimu. Seti nzima inatimia bila kuuza shamba.

Kuisoma herufi kunahitaji lenzi ya kukuza mara 10 na taa moja iliyowekwa ubavuni, chini, ili mwanga uteleze juu ya uso wa sarafu. Taa ya juu huzima vivuli, na herufi iliyochakaa hupotea. Kagua pande zote mbili. Usikimbilie kusema "haina herufi": mafuta na vumbi la chuma huziba kijishimo cha herufi kwenye muhuri wa kuchapia, na sarafu hutoka na H iliyofifia au nusu H. Kinyume chake, kuna wanaobandika herufi ili kupandisha bei. Angalia pale herufi inapokutana na uso wa sarafu. Herufi halali imeinuka pamoja na chuma chake. Ya kubandikwa ina mstari mwembamba kuizunguka, au rangi ya chuma hubadilika hapo.

Wakati mwingine herufi peke yake haitoshi. Uholanzi ilipokuwa chini ya Wajerumani, kiwanda cha Philadelphia, Marekani, kilichapa sarafu zake zenye P. Zenye alama ya mtende zilikusudiwa makoloni yake. Zenye tunda la mwaloni zilikusudiwa Uholanzi yenyewe. Ukiandika "P" tu kwenye lebo umeandika nusu ya habari.

Marekani ilipata ruhusa ya kisheria ya kuchapia nchi nyingine mwaka 1874, na kazi ya kwanza ilikuwa ya Venezuela, 1876. Katika zote zilizofuata, ninayoipenda zaidi ni faranga 2 za Ubelgiji za 1944. Philadelphia ilizichapa kwenye vipande vya chuma vilivyopakwa zinki, masalio ya senti za Marekani za 1943. Sumaku inainasa mara moja. Itazame ukingoni: kutu huanzia hapo karibu kila mara, kwa sababu bamba lilipakwa zinki kwanza, ndipo vipande vikakatwa, hivyo ukingo ukabaki chuma kitupu. Ihifadhi pakavu kabisa, na ishike ukingoni kwa vidole vikavu au glavu za pamba, kwani jasho ndilo adui yake mkubwa. Inayong'aa kupita kiasi huku ukingo umekwanguka huenda imepakwa upya.

Kuhusu kusafisha, msimamo wangu ni mmoja: usisafishe. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ina gramu 7.78, na fedha ni robo tu. Kilichobaki kwa wingi ni shaba. Ngozi yake ya juu ina fedha zaidi kuliko moyo wake. Ukiisugua kwa magadi au dawa ya meno, ngozi hiyo inaondoka na sarafu inageuka manjano kwenye manyoya ya simba na paji la uso wa mfalme. Hairudi tena. Vumbi na uchafu laini ondoa kwa maji safi na sabuni isiyo kali, suuza, kisha gusisha kitambaa bila kusugua. Mifuko laini ya plastiki ya PVC nayo itupe: hutoa mafuta ya kijani yanayokula shaba.

Imebaki riali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ambapo mpango wangu wenyewe hutaabika. Tarehe yake ni 1780 siku zote. Roma ilianza kuichapa 1935, London 1936, Paris na Brussels 1937, kisha Bombay wakati wa vita, na hakuna hata kimoja kilichoweka herufi yake. Anza na mizani: gramu 28.07, pungufu kidogo kwa iliyochakaa. Kisha ukingo: lazima usome IUSTITIA ET CLEMENTIA kwa herufi zilizoinuka, ya kumiminwa ina mshono hapo na herufi butu. Ndipo ulinganishe lulu za bruchi (pambo la vazi la malkia) na manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa pili, moja baada ya nyingine, na sarafu ambazo asili yake imethibitishwa. Zisipolingana na yoyote, iweke mwisho wa albamu na uandike "kiwanda hakijatambuliwa", kwa penseli.