Faiba ipo barabarani, picha ipo kwenye bahasha

Wiki iliyopita shangazi yangu alishuka kutoka Usangi na bahasha ya kaki ya eksirei, ile kubwa isiyoingia kwenye mkoba wowote. Aliipakata mpaka Mwanga mjini, akaipakata tena mpaka Moshi, kwa sababu konda alitaka kuibana chini ya magunia ya ndizi. Hospitalini (siitaji) tukapanga foleni tangu asubuhi. Daktari bingwa akaitoa picha, akainyanyua kuelekea dirishani, akasema, "Mama, mfupa unaunga vizuri. Endelea hivyo hivyo, rudi baada ya wiki sita."

Basi, ndiyo hivyo. Kufungua bahasha kulichukua muda mrefu kuliko kusoma kilichomo. Tulipotoka nje akaniuliza, "Mwanangu, sasa hii si wangeirusha tu kwa simu?"

Shangazi, wanarusha. Kila mtu anayeijua sekta ya afya Kaskazini anajua. Tabibu wa kituo cha afya huibandika filamu kwenye kioo cha dirisha, anaipiga picha kwa simu yake, anamtumia mwenzake aliyesoma naye, kwa bando alilonunua mwenyewe. Hiyo ndiyo tiba mtandao yetu halisi. Ile nyingine ya kwenye mabango huwa naisikia Arusha kwenye makongamano, ambako waifai ya ukumbini ina kasi ya ajabu na kahawa haikatiki. (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo, lakini tusimtishe tabibu anayejitahidi.)

Kinachoniudhi ni kwamba waya upo. Mkongo wa Taifa, ile faiba ya serikali inayobeba intaneti, unapita Moshi, unapita Arusha, unakwenda kugusa mpaka wa Namanga. Tunachokosa ni kipande cha kutoka barabara kuu hadi mlango wa hospitali, na akili ya kukinunua kwa pamoja. Leo kila kituo kinajitafutia chenyewe. Hospitali ya mission ina mkataba wake, ya serikali ina wake, ya binafsi ina wake, zahanati ina modemu iliyoachwa na mradi uliokwisha. Kila mmoja anakwenda kuomba bei akiwa peke yake, na anauziwa bei ya mtu aliye peke yake. Waya ukikatika, anapiga simu huduma kwa wateja na kusikiliza muziki kama mimi na wewe.

Halafu wanauziwa kitu kisichowafaa. Vifurushi vingi vinatangazwa kwa kasi ya kupakua, kwa sababu sisi wengine tunapakua: video, mpira, umbea. Hospitali ndogo kazi yake kubwa ni kutuma. Chukua picha za siti skani za mgonjwa mmoja, tuseme megabaiti 500, yaani megabiti 4,000 (baiti moja ni biti nane). Kwa laini inayotuma megabiti 2 kwa sekunde, hizo ni dakika 33 na zaidi, ikiwa hakuna mwingine anayeigusa laini hiyo, na yupo, kwa sababu dirisha la bima linaitumia hiyo hiyo na watu wamesimama hapo wakiambiwa "mtandao uko chini". Kwa megabiti 100 ni sekunde 40. Mgonjwa aliyegongwa na bodaboda akavujia damu kichwani hana dakika 33 za kusubiri faili lipande.

Ninachokitaka ni mtandao mmoja wa watoa huduma za afya wa Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Hospitali za KCMC na Mawenzi za Moshi ndani, Mount Meru ya Arusha ndani, Kibong'oto, Huruma kule Rombo, Haydom, na Wasso kule Loliondo, ambako anayepewa rufaa ya kuja mjini hupoteza siku nzima barabarani. Mkataba mmoja, fundi wa zamu mmoja, njia mbili za waya ili moja ikikatwa na katapila la barabara nyingine ibebe. Na data za humu zibaki humu. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti kutoka nje, zilipokatika baharini, nchi nzima ilijua. Picha inayotoka Mwanga kwenda Moshi inatafuta nini baharini? Arusha tuna AIXP, mahali ambapo kampuni za intaneti hubadilishana data hapa hapa. Itumike.

Mtaniambia hayo ni mambo ya matajiri. Hao matajiri wenyewe walishindwa kila mtu kivyake. Mwaka 2007 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliidhinisha dola milioni 417 hivi kwa miradi 69 ya kuunganisha hospitali na zahanati za vijijini, ikalipa hadi asilimia 85 ya gharama na kuwaachia wenyewe kiasi kilichobaki. Fedha hizo zilikwenda kwa mitandao ya vituo vilivyoungana, hazikugawiwa kituo kimoja kimoja kikanunue rauta.

Na kuungana tunakujua. Mfongo unaoshusha maji mlimani haukuchimbwa na kila nyumba kivyake. Una zamu, una kamati, na asiyetokea siku ya kusafisha anatozwa faini bila kujali anasali wapi. Leo mniambie hospitali ya kanisa na ya serikali haziwezi kugawana waya!

Haya, nakubali: faiba haitibu. Madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache na wamejazana mijini. Lakini hiyo ndiyo sababu yangu hasa. Ukiwa na wachache, unawapelekea picha walipo, huwabebeshi wagonjwa wa wilaya zote bahasha. Umeme unakatika, ndiyo. Sola na betri zipo. Wapo pia wazee ambao hawataki daktari wa kwenye kioo, na hao nawaelewa, waendelee kupanda basi.

Fedha ndiyo hoja nzito, na sitajifanya siioni. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umewekwa kisheria kwa ajili ya maeneo ambayo biashara peke yake haiyafuati, kwa hiyo kujenga kuanzie hapo. Kuendesha ndiko huwa kunatushinda. Mfadhili akishaondoka, rauta inageuka pambo la ofisi ya mganga mfawidhi. Kwa hiyo kila mwanachama achangie kila mwezi kwa ukubwa wake, hospitali ya kanda kingi, zahanati kidogo, na kiasi hicho kiwemo kwenye bajeti ya halmashauri kabla mtambo wa kwanza haujafungwa. Laini ikilala zaidi ya saa zilizoandikwa, mkandarasi akatwe. Na kwenye huo mkataba, tafadhali, iandikwe kasi ya kutuma, tena kwa tarakimu.