Risasi kidogo ni kidogo kwa nani?

Kila ikizuka stori ya sumu kwenye rangi za nyumba au mabomba ya maji, hakosekani mtu wa kusema "mbona sisi tumekulia humo humo na tuko fiti". Leo naongelea risasi, yale madini yanayopatikana kwenye rangi na mabomba hayo, sio ya bunduki, ingawa ya bunduki angalau ukipigwa unajua umepigwa.

Huyo jamaa msimcheke haraka, ana hoja. Paracelsus, daktari wa Uswisi, alishasema tangu karne ya 16 kwamba kipimo ndicho kinachogeuza kitu kuwa sumu, na kweli hata chumvi ukiibugia inaua. Mashine za siku hizi nazo zinanusa hadi chembe, kwa hiyo kukutwa na kitu kwenye damu sio sawa na kuumwa. Halafu watoto wenye risasi nyingi mara nyingi ndio hao hao wa nyumba kuukuu na maisha magumu, utajuaje kama ni risasi au ni shida tu? Swali zuri, na watafiti wameshaliuliza, wakaweka kwenye hesabu kipato na elimu ya mama, athari ikapungua lakini haikuisha.

Sasa hapa kwenye kipimo ndo pananikosesha usingizi. Mwaka 2005 zilikusanywa data za watoto 1,333 kutoka tafiti saba. Risasi ikipanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita ya damu, IQ, yaani alama za kipimo cha akili, ilishuka karibu pointi 3.9, ila kutoka 10 hadi 20 ilishuka 1.9 tu. Soma tena. Kile kidogo cha mwanzo, tunachosema sio ishu, ndicho kilichokula zaidi.

"Pointi 4 au 5 ndo nini bana?" Kwa mtoto mmoja, hakuna kitu, hata mama yake hatojua, hana homa wala upele, anacheza na kula vizuri. Lakini chukua watoto milioni 1 wenye wastani wa kawaida wa 100, walio chini ya 70, yaani wanaohitaji msaada maalum shuleni, ni kama 23,000. Shusha wastani pointi 5 tu, wanakuwa kama 48,000, zaidi ya mara mbili! Na huku juu, waliopita 130 wanatoka 23,000 mpaka kama 10,000. Hiyo ni hesabu tupu ya mgawanyo, sijaongeza chumvi. Daktari akiwapima mmoja mmoja haoni kitu, mwalimu mwenye darasa zima ndiye anayeumia na hajui kwa nini.

Na mwili unadanganyika kirahisi, unaiona risasi kama kalsiamu, unaihifadhi kwenye mifupa miongo na miongo, halafu mwanamke akipata mimba mifupa inaachia kalsiamu na risasi inatoka nayo kwenda kwa mtoto. Yaani aliyekulia humo humo na yuko fiti anaweza kumrithisha ambaye hajazaliwa.

Hata mstari wa "kiasi salama" wenyewe haukai. Marekani miaka ya 1960 mtoto alianza kuhesabiwa ana tatizo kwenye mikrogramu 60, ikashushwa mara kadhaa hadi 10 mwaka 1991, 5 mwaka 2012, 3.5 mwaka 2021. Watoto ni wale wale, kilichobadilika ni macho yetu. WHO, Shirika la Afya Duniani, wao wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Ambapo nakubaliana na upande wa pili ni kwenye gharama. Huwezi kung'oa kila bomba na kukwangua kila ukuta kwa mpigo, na ukikwangua rangi kavu kavu unajaza vumbi ndani ukaharibu zaidi. Ila angalia dirisha la zamani, kila likifunguliwa na kufungwa fremu zinasagana, rangi yenye risasi inageuka vumbi laini linalotua chini, mtoto anatambaa palepale, mkono mdomoni. Na mtoto anafyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kwa kiasi kile kile. Kama pesa ni ya dirisha moja tu, sioni ubishi uko wapi, lianze la chumba anachotambaa mtoto, na wakati mkisubiri fundi hapo chini pafutwe na kitambaa kibichi, sio fagio.