Nilivyowafundisha walimu wa Kizungu kuchinja

Kwanza kabisa niseme wazi mimi sijui kucheza. Siyo ule unyenyekevu wa kujifanya, yaani sijui. Harusini MC akitangaza watu waende kutuza mi naenda natembea tu na noti mkononi kama mpangaji anayepeleka kodi, natuza, narudi kukaa. Mke wangu alishakata tamaa miaka mingi. Sasa hilo liweke kichwani halafu sikiliza yaliyonikuta hapa Grand Rapids, Michigan, ambako ni mwalimu msaidizi shule ya msingi, kazi yenyewe ni kuwafunga watoto kamba za viatu, kuamua ugomvi wa penseli na kuwatafsiria wazazi wa Kikongo barua za shule, maana Wakongo hapa mjini tunao wengi na Kiswahili ndo kinatuunganisha, chao na changu vinapishana kidogo lakini tunaelewana.

Siku hiyo mkuu wa shule akaniita ofisini. Nikajua kazi imeisha, mtu wa mbali na kwao akiitwa ofisini hawazi kitu kingine. Kumbe mwalimu wa muziki alipata nafasi mbili za semina ya Jumamosi, walimu wanafundishwa ngoma za asili za mataifa mbalimbali ili wakawafundishe watoto, na yule wa michezo aliyekuwa aende naye kavunjika mkono. Mkuu anacheka mpaka jino la mwisho, ananiambia nikakufikiria wewe moja kwa moja. Sikuuliza kwa nini. Mle ofisini tulikuwa wawili na mmoja tu ndo katoka Afrika, hesabu ya darasa la kwanza hiyo. Halafu akasema kuna chakula cha mchana bure, na mbele ya chakula cha bure mi huwa sina msimamo.

Basi Jumamosi tukafika, ukumbi wa mazoezi wa shule nyingine, walimu kama arobaini hivi, karibu wote wakina mama, viatu laini, chupa za maji, wamejiandaa. Mi nimevaa suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi, nilijua semina ni kukaa na kuandika. Mkufunzi alikuwa bibi wa miaka sabini na ushee, mwembamba, kamaiki kamebandikwa shavuni, anadunda kama mpira wa tenisi. Na nisimnyime haki yake, yule bibi kazi anaijua. Alituhadithia kwamba hapohapo Michigan kulikuwa na mwalimu wa chuo kikuu anaitwa Phyllis Weikart, ndo aliyewafungua macho walimu wengi wa Marekani kwamba usimpe mtoto hatua na muziki kwa mpigo mmoja utamchanganya, kwanza azitaje hatua kwa mdomo, halafu azitaje huku anazifanya, muziki unaingia mwisho kabisa. Ndo tukawa watu wazima arobaini tunazunguka ukumbi hakuna muziki wowote tunasema kwa sauti kulia, kushoto, ruka, ruka, mtu akipita nje anajua ni kanisa jipya limefunguliwa.

Tukaanza na Troika ya Urusi. Mnakuwa watatu watatu mmeshikana mikono, nyie ni farasi mnaovuta gari la kwenye theluji. Mi nikawekwa katikati, mama mfupi kulia, mama mfupi zaidi kushoto. Sasa kuna mahali yule wa kulia anapita chini ya mikono ya wenzake halafu farasi wa katikati anajizungusha kumfuata, na mimi nina futi sita na inchi mbili. Nilipita. Miwani haikupita.

Ikaja tinikling ya Ufilipino, hiyo wanamuigiza ndege tikling anavyokwepa mitego ya mianzi, watu wawili wamechuchumaa wanagonga mianzi miwili chini, mara mbili imeachana mara moja inakutana, we unaruka ndani nje katikati yake. Shule za huku wanatumia mabomba ya plastiki badala ya mianzi. Nikajipa moyo, plastiki si inauma kidogo? Haiumi kidogo. Kifundo cha mguu kikapigwa pa, bibi akapaza sauti kwenye maiki kwamba mwenzetu kasahau ile ya tatu, sikuwa nimesahau, niliikuta tu imeshafika kabla yangu.

Wakati wa kupumzika bibi akatoa stori moja ambayo niliipenda sana na kumbe ndo itakuja kuwa faraja yangu pekee. Kasema ile sirtaki ambayo kila mtalii akienda Ugiriki anaambiwa ni ya kale, ilitungwa kwa ajili ya filamu ya 1964, wakachukua hatua za ngoma zao za zamani wakaziunga. Na Mayim Mayim ya Israeli ambayo tulikuwa tumetoka kuicheza nayo ina tarehe ya kuzaliwa, 1937, watu wa kijiji cha ujamaa wanafurahia kupata maji. Kwa hiyo ngoma ya asili nayo kuna siku iliyokuwa mpya, akasema. Nikatikisa kichwa kama msomi huku najikanda mguu.

Tukala. Mikate yenye bata mzinga, nikarudia.

Na shibe ndo ikaniponza maana nilikuwa nimeegemea ukuta nasinzia naskia tu kwenye maiki, tuna bahati kubwa leo, tuna ndugu yetu kutoka Tanzania, atatufundisha ngoma ya kijijini kwao! Makofi. Vigelegele vya Kizungu, vile vya wuuu. Mwalimu wetu wa muziki, yeye ndo kaniuza, ananisukuma mgongoni.

Jamani. Mi ni mtoto wa Singida mjini. Njiani kutoka ukutani mpaka katikati ya ukumbi nilipitia makabila yote ninayoyajua. Sindimba ya Wamakonde, hapana, ile inataka kiuno na mimi nina mgongo tu unaoendelea mpaka miguuni. Bugobogobo ya Wasukuma, wanarusha majembe yale, nitaua mtu. Ngoma za Wanyaturu wa kwetu kabisa ndo aibu zaidi, nimeziona kwenye sherehe za Mwenge nikiwa nanunua karanga. Nikafika katikati sina kitu kichwani, watu arobaini wamenizunguka wananitazama kama nimeshika siri ya mababu, na hapo mwili wenyewe, bila kuniuliza, ukakumbuka kitu kimoja tu ulichowahi kufundishwa kufanya kwa mapigo na watu wengine.

Mchakamchaka.

Aliyesoma shule ya msingi Bongo hahitaji maelezo. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Singida na vumbi lake, pekupeku, ufagio mkononi, mnakimbia kuzunguka mtaa, kiranja mmoja mbele anaita mchakamchaka, nyie mnajibu chinja! Kiranja mwingine yuko nyuma na fimbo kwa ajili ya wazembe. Nilikuwa namjua sana huyo wa nyuma.

Nikawaambia semeni chinja. Wakasema chinja. Tukafuata utaratibu wa bibi, kwanza kwa mdomo, halafu kwa mdomo na miguu, na nikwambie ukweli, dakika tano nyingi, ukumbi mzima unakimbia mguu juu, mchakamchaka, CHINJA, mchakamchaka, CHINJA, kina mama wamewiva mashavu, yule mfupi wa Troika ana sauti ya kiranja wa kuzaliwa. Sijawahi kupendwa hivyo maishani. Ningekaa kimya hapo ningekuwa shujaa mpaka leo.

Bibi akauliza chinja maana yake nini.

We ungesemaje? Nikasema ni, ni kama kukata. Akauliza kukata mazao? Nikasema, mmh. Aaah, ngoma ya mavuno! Wote wakasema aaah. Bibi akaongeza papo hapo mkono wa kufyeka, shwaa, kwenye kila chinja. Akauliza mnakuwa mnaelekea wapi, nikasema shamba la shule, ambayo ni kweli. Kuna mtu mwenye nafasi maalumu? Nikasema yupo mmoja anakaa nyuma na fimbo. Anaheshimika? Nikasema sana.

Na kuna beti? Hapo ndo nilipojimaliza kabisa. Maana beti lililokuja mdomoni ni lile tuliloimba wote, la vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kwamba Idi Amin akifa sisi hatulii ng'o, tunamtupa mto Kagera mamba wajilie. Nikaliimba lote kwa sauti nzuri tu, nikiwa nakaribia mwisho ndo nasikia ninachokiimba. Bibi kafumba macho kwa kuguswa. Anataka tafsiri. Nikasema ni habari za mtu mmoja, mto, na, eeh, mnyama wa majini anayepata chakula. Sikudanganya hata neno moja hapo, ukiangalia vizuri.

Jumatatu karatasi za semina zikaja kwa imeili. Kolo ya Serbia, imeandikwa kwamba UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi 2017. La Raspa ya Meksiko. Halafu, nambari kumi na moja: Chinja. Tanzania. Ngoma ya mavuno. Duara moja, kinyume cha saa. Kiwango: wanaoanza. Mshika fimbo ni mzee wa heshima. Imekusanywa kutoka kwa mwenyeji. Imekusanywa! Mi nimekusanywa. Nikakaa na simu chooni nusu saa najisemea sirtaki, sirtaki, nao si walitunga, na wala hakuna aliyefungwa.

Nilimfuata mwalimu wa muziki nikamwambia tafadhali lile beti watoto waache, ni refu, ni gumu, Kiswahili chake cha zamani mno. Akakubali. Nikadhani nimeokoka.

Ukafika usiku wa mataifa pale shuleni, mwezi wa nne. Ukumbi umefurika, wazazi wamevaa vitenge, sari, kila kitu. Watoto wa darasa la pili sitini hivi wakaingia wanakimbia, mbele yao kamtoto kamoja ka kike kanaita mchakamchaka kwa Kiswahili cha puani, na nyuma kabisa kamvulana kamebeba fimbo imefungwa riboni za rangi, kanatembea polepole kama askofu. CHINJA! Na ule mkono wa kufyeka wa bibi, watoto walikuwa wameshaupandisha wenyewe, sasa unapita shingoni.

Wazazi wa Kizungu wanapiga makofi kwa mapigo. Upande wa Wakongo kimya. Halafu nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kunitafuta. Mama mmoja, ana wanawe watatu pale shuleni, akanyanyuka mstari wa pili akaja mpaka niliposimama, ananinong'oneza, "Mwalimu, batoto banachinja nini?"

Kichwa kikagoma. Nikasema mbuzi.

"Mbuzi?"

"Ndiyo mama, mbuzi."

Akarudi kukaa. Naona anamwambia wa pembeni, naye anamwambia wa pembeni yake, habari inatembea mstari mzima mpaka wa nyuma, nyuso zinafunguka, mzee mmoja anakunja mikono ya shati. Sikuelewa kilichokuwa kinaendelea mpaka shughuli ilipoisha, watu wengine wanavaa makoti wanaondoka, Wakongo wote wamekaa palepale kwa adabu. Wanangoja mbuzi. Na mezani kulikuwa na biskuti na juisi ya tufaha.

Nikiwa natafuta mlango wa nyuma nikashikwa bega. Mzee mrefu, kanzu nyeupe na koti juu, Mganda, kaja kumtembelea bintiye na mjukuu wake ndo yule mwenye fimbo. Akanisalimia kwa Kiswahili safi kabisa, nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia miaka ya Amin alikimbilia Tanzania akafundisha hesabu Tabora, na kila asubuhi alikuwa akikimbia na wanafunzi wake. Nikasema Mungu wangu leo ndo leo. Nikaanza kuomba radhi, mzee wangu naomba nikueleze, wala hanisikilizi, ana hasira kweli, ananyoosha kidole jukwaani.

"Mbona wamekata lile la mamba? Ndo tamu lenyewe lile!"

Na akaliimba. Palepale, mikono miwili kaifanya mdomo wa mamba, anafungua anafunga, mjukuu anamfuatisha, watoto wengine wanakuja mbio, mwalimu wa muziki naye huyo anakuja na karatasi yake mkononi macho yanang'aa, ananiuliza anasema nini, anasema nini, na kwa upande wa pili yule mama wa Kikongo naye kashafika, kashika sahani tupu.

Nikatafsiri. Nikasema mzee anauliza mamba kaenda wapi, na mama anauliza mbuzi yuko wapi. Mwalimu akageuza karatasi upande wa nyuma, akaandika mamba, akaandika mbuzi, akaweka alama ya kuuliza.