Papa wa mawe wa Cleveland na samaki wetu wa Mahenge

Wadau, mimi mtu wa Singida ila huu mwaka wa tisa niko Cleveland, Ohio, usiku napakia mizigo ghalani mchana nalala, na siku nikiwa ofu namchukua kijana wangu wa miaka saba tunaenda hifadhi ya Rocky River maana pale kuingia ni bure. Kando ya mto kuna ukuta wa mwamba mweusi unamenyeka karatasi karatasi, na huo mwamba ulikua tope la chini ya bahari miaka kama milioni 360 iliyopita.

Kwenye hilo tope ndo walitoka papa wanaoitwa Cladoselache. Ngoja nieleze kwa nini ni habari kubwa. Papa hana mfupa, ana gegedu, akifa anaoza wote yanabaki meno, ndo maana sehemu nyingi papa wa kale anajulikana kwa meno tu. Sasa chini ya ile bahari oksijeni ilikua karibu hakuna, kwa hiyo hapakua na wa kumtafuna, wakapatikana papa wenye alama za ngozi na nyama, mpaka samaki waliomezwa wako tumboni na wengi wameingia mkia mbele, yani papa alikua anawafukuzia kwa nyuma anawadaka. Mwenzake ni Dunkleosteus, samaki ambaye kichwa chote kimevaa mabamba ya mfupa, meno hana, kingo za taya zinajinoa zenyewe zikisuguana kama makali ya mkasi.

Lakini kilichonikaa rohoni ni watu. Dunkleosteus aliokotwa 1867 ufukweni mwa ziwa Erie na Jay Terrell, mtu mwenye hoteli, sio profesa. Miaka ya 1960 walipokua wanachimba barabara kuu ya I-71, watu wa makumbusho wakafuata nyuma ya matingatinga wakiokoa mawe. Leo mtoto wa chekechea hapa anakutajia huyo samaki bila kusita.

Sasa njoo kwetu. Mimi nimesoma Singida msingi mpaka fomu foo, mageuko ya viumbe tulifundishwa wiki mbili ubaoni, tukakariri tukajibu mtihani basi. Nikaja kujua habari za Mahenge nikiwa laibrari hapa Cleveland, mtu mzima na mtoto juu. Mahenge ya Singida, sio ile ya Ulanga. Pale palikua na shimo la mlipuko kwenye mwamba wa aina ile ile ya Mwadui wanakochimba almasi, shimo likajaa maji likawa ziwa, na tope laini la chini likahifadhi samaki wazima miaka kama milioni 46. Kuna samaki Palaeodenticeps tanganikae aliyeandikwa na mtaalamu wa samaki Greenwood mwaka 1960, ndugu yake aliye hai leo yuko kwenye mito ya Afrika Magharibi. Kuna popo, ameitwa Tanzanycteris. Na kuna samaki Mahengechromis, walioelezwa na Alison Murray wa Kanada kwenye mwaka 2000, na hao ni kati ya wakongwe kabisa wanaojulikana duniani wa ukoo wa sato, perege na furu.

Nilipofika hapo nikafunga kompyuta nikakaa kimya. Perege! Yule mama alikua anakaanga jioni tunagombania kichwa.

Ila nisiwasifie wa huku kupita kiasi. Kijana wangu samaki wa jiwe anawajua, samaki mwenyewe anamjua wa boksi kwenye friza, hana kichwa hana mkia. Mjomba wangu Mwanza hakumaliza la saba ila akishika kamongo anakuonyesha anavohema hewa, anakwambia ziwa likikauka huyu anajichimbia topeni anasubiri mvua, na wataalamu wa visukuku, yani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, wanahangaika na kitu hicho hicho, maana ukoo wa kamongo ni wa kale kuliko hata hao papa wa Cleveland. Mjomba pia anakumbuka furu walivokua wengi kabla sangara hajawamaliza, na hayo hakuna aliyekaa naye akaandika. Hilo ndo linaniuma. Huku mtu wa hoteli akiokota jiwe anasikilizwa, kwetu mvuvi ana maarifa ya miaka 50 tunamuona hana elimu.

Na msiniambie hatuna hela. Sijasema tujenge makumbusho ya mabilioni. Nasema chumba kimoja Singida mjini, picha ukutani, nakala za plasta za hao samaki, na mwalimu wa baiolojia apeleke watoto mara moja kwa mwaka, aweke kisukuku na perege wa sokoni meza moja wahesabu wenyewe miiba ya pezi la mgongoni. Mtoto akiona hivo hahitaji kukariri.

Mwezi wa saba Mungu akipenda nakuja na kijana. Kwa mjomba kwanza amshike kamongo, halafu Singida. Kama kuna mtu humu anatokea pande za Mahenge naomba aniambie, gari dogo linafika au nitafute bodaboda, na ni mzee gani wa kijiji natakiwa nimuone kwanza kabla sijamwingiza mtoto kule.