Ukali Tunaowatengenezea Ng'ombe wa Maonyesho

Mtamba wangu wa kwanza wa maonyesho ya mifugo, ng'ombe wa aina ya Ayrshire mwekundu mwenye mabaka meupe, alimburuta kijana aliyemshika kwa hatua kama 20 mbele ya watazamaji. Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa ghafla nyuma yetu, na kijana alikuwa ameizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, kosa ambalo sikuwa nimemwonya nalo. Alipona akiwa na michubuko na mkono ulioteguka. Waliosimama kando ya uzio walisema yule ng'ombe ni mkali, nami kwa miaka kadhaa nilisema hivyo hivyo. Leo nasema hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa na hofu, na hofu ile nilimtengenezea mimi mwenyewe bandani.

Wafugaji wengi wa nyanda za juu za Kenya hufuga ndani. Ndama huzaliwa bandani, huletewa majani ya nepia bandani, na katika maisha yake humjua mtu mmoja au wawili. Kisha, wiki 3 kabla ya maonyesho, tunamvisha hatamu kwa mara ya kwanza, tunampandisha lori, na tunataka atembee kwa madaha katikati ya bendera, miavuli, tarumbeta na umati wa watu asiowajua. Mlinganishe na ng'ombe wa Boran wa ranchi za Laikipia, ambaye wengi humwogopa kwa sababu ya nundu na pembe zake. Huyo amechungwa tangu udogoni na watu waendao kwa miguu, kila jioni huingizwa bomani na kuhesabiwa, na binadamu kwake ni jambo la kila siku. Sishangai ninapomwona ametulia pale ambapo Friesian wa bandani anatetemeka.

Macho ya ng'ombe yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja, lakini hawezi kupima vizuri kina cha anachokiona. Ndiyo maana kivuli cha nguzo au mfereji mdogo humsimamisha ghafla, na anayemjia kutoka nyuma kimyakimya hupigwa teke. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, amefundisha kwa miaka mingi kwamba kila mnyama ana mpaka wake: ukiuvuka anaondoka, ukirudi nyuma anasimama. Tena bega ndilo kipimo, kwa maana ukisimama nyuma ya bega anasonga mbele, na ukisimama mbele yake anarudi nyuma. Wachungaji wetu wanalijua jambo hili kwa miguu yao, hata kama hawakuliandika.

Siku hizi naanza kumfundisha ndama akiwa na miezi 3 au 4, wakati bado naweza kumzuia kwa nguvu za mikono yangu. Namfunga kwenye nguzo imara, kamba ikiwa kwenye usawa wa kichwa chake, kwa fundo linalofunguka ukivuta ncha mara moja, na siondoki karibu naye kwa nusu saa yote. Kumtembeza kunahitaji subira zaidi, na siri yote iko katika kulegeza kamba. Naivuta polepole, yeye anagoma, nami naishikilia bila kushindana naye. Anaponyanyua mguu mmoja tu kuja mbele, nailegeza papo hapo. Ukiendelea kuvuta baada ya yeye kukubali, umemfundisha kwamba kukubali hakuna faida. Baadaye naleta brashi, mpira wa maji, redio, mwavuli, na hasa watu wageni, kila kimoja kwa siku yake. Huku nyuma natazama dalili: weupe wa jicho ukizidi kuonekana, mkia ukibanwa kati ya mapaja, au kinyesi kikilegea ghafla, somo la siku hiyo limefika mwisho.

Mtamba wangu wa tatu alikuwa akirusha kichwa kila nilipomkaribia na hatamu, nami nilikuwa karibu kuchukua fimbo. Nilipomfunga na kuchungulia ndani ya sikio la kulia, nilikuta kupe wamejazana, na chini yao kidonda kibichi. Kupe hao wa masikioni ndio wanaoeneza ugonjwa wa ndigana kali, kwa hiyo ningepaswa kuwaona mapema. Baada ya kuogeshwa dawa na kidonda kutibiwa, alivaa hatamu bila shida. Ng'ombe mpole aliyegeuka mkali ghafla, anayelia kwa sauti ngeni na kudondosha mate, ni jambo zito zaidi: usimtie mkono mdomoni, mwite daktari wa mifugo mara moja, kwa sababu kichaa cha mbwa huwapata ng'ombe pia.

Fahali ni habari nyingine, na hapa sina upole. Ndama dume aliyelelewa peke yake kwa chupa, akachezewa kwa kusukumwa kipaji cha uso, anaweza kukua akimhesabu binadamu kuwa fahali mwenzake, na mafahali wa maziwa, hata Jersey mwenye umbo dogo, ni wa hatari kuliko wengi wa nyama. Akikugeuzia ubavu, akainamisha kichwa na kuchimbua udongo kwa kwato, ameshakutangazia vita. Fahali aliyewahi kumvamia mtu hafai kupelekwa uwanjani, hata kama ana pete puani na mgongo ulionyooka kama rula. Tabia hiyo hurithiwa kwa kiasi fulani, kwa hiyo anayemtunuku utepe wa ushindi anawaalika wafugaji wengine kuipanda katika mazizi yao.

Nimesikia pia wanaomchoma mnyama dawa ya kutuliza asubuhi ya maonyesho. Dawa kama zailazini huficha hofu bila kuiondoa, mnyama aliyelegea huweza kuzinduka kwa kishindo, na ng'ombe mwenye mimba kubwa anaweza kuitupa. Ningependa waandaaji waruhusu wanyama kutembezwa uwanjani ukiwa mtupu siku moja kabla, waweke vipaza sauti mbali na mahali pa kuhukumia, na mwamuzi amtoe mnyama mwenye hofu bila mwenye ng'ombe kuaibishwa.

Mtamba ninayemwandaa sasa ana miezi 11. Juzi jirani alifungua mwavuli mwekundu hatua 5 mbele yake. Aliruka kando, akasimama, akaunyoshea pua, kisha akarudi kwenye nepia yake. Bado hajapanda lori. Jumamosi litaegeshwa karibu na banda mlango ukiwa wazi, na chakula chake kitakuwa ndani.