Tungsten au volfram: jina la Kiswidi ambalo Waswidi wameliacha

Metali yenye alama W huitwa tungsten kwa Kiingereza. Neno hilo lilitoka Uswidi, ambako tung ni zito na sten ni jiwe, lakini Waswidi wenyewe huiita volfram. Suala hili lingebaki la wapenzi wa lugha tu, lau shirika la kimataifa la wanakemia, IUPAC, lisingeliondoa jina wolfram, yaani volfram hiyohiyo kwa tahajia nyingine, katika mwongozo wake wa mwaka 2005 na kubakiza tungsten peke yake, hatua iliyopingwa hadharani na wanakemia wa Hispania.

Hoja ya Wahispania ina uzito. Katika karne ya 18, tungsten lilikuwa jina la jiwe, si la metali. Mwaka 1781 mwanakemia Carl Wilhelm Scheele, aliyefanya kazi Uswidi, alipata asidi mpya kutoka katika jiwe hilo, ambalo leo huitwa sheliti kwa heshima yake, ila metali yenyewe hakuifikia. Walioifikia ni ndugu wawili, Juan José na Fausto Elhuyar, mjini Bergara, Hispania, mwaka 1783, waliotumia makaa kuitoa katika asidi waliyoipata kwenye madini mengine, wolframiti, wakaiita metali hiyo volfram. Ikiwa mgunduzi ndiye mwenye kutoa jina, haki ni yao. Tena alama W haina asili nyingine.

Wanaotetea tungsten husema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya biashara na sayansi, na majina mawili huleta mkanganyiko. La kwanza ni kweli, na sioni sababu ya kuwalazimisha Waingereza waache neno lao. La pili silikubali. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 kuhusu madini yatokayo maeneo ya migogoro, inayowabana waagizaji wa Ulaya na kupitia kwao kuwagusa wachimbaji wa Kongo, husema tungsten katika nakala ya Kiingereza na volfram katika ya Kiswidi, na forodha haikwami, kwa kuwa bidhaa hutambuliwa kwa namba. IUPAC ingeweza kuyaacha majina yote mawili bila hasara.

Hata Waswidi hawana msimamo mmoja: fundi wao wa kuchomelea vyuma hushika elektrodi ya volfram, lakini kazi yenyewe huiita TIG, ambapo T ni tungsten, ilhali jirani yake Mjerumani husema WIG, ambapo W ni wolfram.