Nguvu Ambazo Sina

Direkta wa kundi letu la teatri, hapa Goma, alikuwa na imani moja tu kuhusu sanaa: hadithi nzuri ni ile isiyohitaji pesa. Ndiyo maana, alipotaka tucheze teatri ya mtu mwenye nguvu za ajabu anayejificha kati ya watu wa kawaida, alimchukua Superman, lakini yule wa mwanzo kabisa, wa 1938. Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa katika kitabu cha katuni mwaka huo, jamaa hakuwa akipaa angani. Aliruka tu: anaruka juu ya nyumba, anatua, anaruka tena. Kupaa kulikuja miaka ya baadaye.

"Munaona?" Direkta akasema. "Kamba haihitajiki. Anaruka, anatua. Ni bure kabisa."

Kilichobaki ni miwani. Mchana yule jamaa ni Clark Kent, mwandishi wa habari, mpole, mwoga kidogo. Akivua miwani anakuwa mtu mwingine, na wenzake wa kazini hawamtambui. Sisi tulimfanya msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wa mtaa wa Birere, anayejifanya mgonjwa wa mgongo.

Mazoezi tulifanyia katika parseli moja ya Mabanga. Mwenye parseli, mzee wa kabila la Wanyanga kutoka Walikale, alikaa barazani akifukuza nzi kwa usinga wake huku akitusikiliza. Siku hiyo alishindwa kuvumilia.

"Bibi yake hamujui?"

"Hajaoa, Papa."

"Mwenye nyumba je? Anayemdai kodi?"

"Hamjui."

"Na watoto wa avenyu?"

Tukakaa kimya. Mzee akacheka hadi usinga ukamwanguka.

"Kwetu," akasema, "Mwindo, shujaa wa hadithi zetu, alizaliwa anatembea na anasema. Baba yake Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume, alitaka wasichana tu. Akamrushia mikuki. Akamzika. Akamfungia ndani ya ngoma, akamtupa majini. Mtoto anatoka, anaimba, anajisifu, kijiji kizima cha Tubondo kinasikia. Sasa huyu wenu anaogopa nini?"

Direkta akajibu kwamba Mwindo hakuwa na mshahara wa kupoteza. Mazoezi yakaendelea.

Kilele cha mchezo kilikuwa hivi: mtoto amebanwa na jiwe la volkano, watu wanalia, msukuma chukudu anavua miwani, analiinua. Tulihitaji jiwe kubwa lisilo na uzito. Direkta akaleta godoro la sponji. Hatukuuliza limetoka wapi. Katika kundi letu vitu vya Direkta haviulizwi. Akalikata, akalifunga kwa waya, akalipaka gundi iliyochanganywa na makaa ya kusaga. Na kumdanganya mtu wa Goma kuhusu jiwe si mchezo. Kuta zetu ni mawe hayo hayo, tunayakalia, tunayatembelea. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ilipopoa tu watu wakajenga juu yake. Kwa hiyo Direkta alipasha msumari moto akatoboa vitundu, kimoja kimoja, kwa sababu lava ina vitundu. Alipomaliza, mbwa wa mzee alikuja, akalinusa, akaliinulia mguu. Direkta alitokwa na machozi ya furaha.

Kisha akatuapisha. Kiingilio kilikuwa franka 1000, na mtu akijua mapema kwamba jiwe ni sponji, hatalipa. Hakuna kusema. Hata kwa mama yako.

Mimi sikuwa yule mwenye nguvu. Mimi ni mwembamba kiasi kwamba nikigeuka ubavu watu huuliza nimekwenda wapi. Mwenye nguvu alikuwa kijana tuliyemwita Kifua, mbeba simenti. Mimi nilicheza mwenye nyumba mkali, tena nilikuwa msafirishaji wa vifaa, cheo ambacho katika kundi letu maana yake ni punda.

Jumamosi jioni tukapakia jiwe kwenye chukudu kulipeleka sali ya Majengo, ukumbi wa kuchezea. Direkta alitangulia na ufunguo. Kifua alikwenda kunyoa. Tulibaki mimi na mwenye chukudu. Njiani, palipo na kilima, gurudumu la mbele likachomoka. Jiwe likabingirika, likatua mbele ya foleni ya mapikipiki. Mwenye chukudu alilifukuza gurudumu lake, lililokuwa limeshika njia ya kurudi Mabanga. Mamotari wakapiga honi.

Basi nikalitwaa jiwe kwa mikono miwili, nikaliweka kichwani. Halafu shingo ikaniwasha. Nikaachia mkono mmoja, nikajikuna.

Honi zote zikanyamaza.

Sikuelewa hadi niliposikia bidoni ya maji ikianguka. Mama aliyekuwa akitoka kuchota maji alikuwa amesimama mdomo wazi, maji yanamwagikia miguuni. Motari wa mbele akazima injini, akavua kofia.

"Papa," akaniambia, "pole na kazi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita Papa. Alikuwa na umri wa kunizaa.

Neno "sponji" lilinifika kwenye ulimi. Lakini kiapo kilikuwepo, na franka 1000 za kila kiti. Nikafanya kile ambacho Clark Kent angefanya: nikaanza kuguna. Nikatetemesha magoti. Nikasema, "Aï, mgongo wangu." Nilikuwa nimechelewa. Mtoto mmoja akanionyesha kidole: "Anajifanya! Ule anajifanya!"

Ndipo nikajua kwamba miwani ile inafaa Marekani tu. Watu wakishakuona mara moja, kila unyonge unaoonyesha unakuwa ushahidi.

Usiku huo habari ilikimbia kuliko mimi. Eti nililitoa jiwe kwenye volkano yenyewe, mlima Nyiragongo. Nilitembea nalo bila kupumzika. Pikipiki ilinigonga, na pikipiki ndiyo iliyopelekwa kwa fundi.

Jumapili alfajiri, hodi. Mama jirani.

"Mwanangu, pipa langu la maji limekaa vibaya. Lita mia mbili tu. Lisongeshe kidogo, hata kwa kidole."

"Mama, mgongo unaniuma."

Niliisema kwa ukweli kabisa, maana nililala vibaya, lakini ndiyo sentensi ya mchezo wetu, neno kwa neno. Akanitazama, akatabasamu, akafumba jicho moja. "Nimeelewa, mwanangu. Sitasema kwa mutu." Alipotoka nikamsikia akiwaambia wenzake watatu pale pale mlangoni.

Baada yake alikuja papa mmoja anayejenga ukuta, anataka nimbebee mawe, atalipa kwa bia. Akaja pasta wa chumba cha maombi, mpole sana, na daftari, kuuliza nguvu zilinipata kabla ya ubatizo au baadaye. Nilipojaribu kukimbilia Majengo, motari alizunguka pikipiki yake, akatazama tairi ya nyuma, akaomba nauli ya watu wanne.

Lakini aliyeniumiza ni dada yangu mkubwa. Yaya, ndivyo ninavyomwita, alisimama mlangoni na bidoni mbili tupu.

"Kumbe unaweza. Na mimi kila asubuhi ninapanda nazo toka ziwani, weye umelala."

Nikashika zile bidoni, nikaenda, nikazijaza, nikarudi nahema, mikono inawaka, nimepumzika kila kona. Kila niliposimama, Yaya alikunja mikono. "Usinichezee teatri hapa."

Mwalimu wetu wa shule alitusimulia habari za Fumo Liyongo wa pwani, kwamba hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ilitolewa na mwanawe mwenyewe. Nilimfikiria sana siku ile. Yeye angalau alikuwa na kitu cha kuficha.

Jioni sali ilijaa hadi madirishani. Direkta alikuwa anahesabu noti, hajui watu wamekuja kwa ajili gani, anasema hatimaye Goma imeelewa sanaa. Mchezo ukaanza. Kifua akaingia na miwani, anainama, anashika mgongo, kazi safi. Hakuna aliyemtazama. Nikaingia mimi, mwenye nyumba mkali, mtu mbaya wa hadithi, na sali nzima ikasimama kupiga makofi.

"Ninataka kodi yangu!" nikafoka.

"Mupe!" sauti ikatoka nyuma. "Mupe haraka, asikuinue!"

Tukafika kwenye jiwe. Mtoto analia chini yake. Kifua anavua miwani taratibu, anapumua, anainua jiwe juu ya kichwa. Kimya. Halafu mtu akasema, bila hasira, kama anayesahihisha hesabu ya mtoto: "Siyo huyu."

"Huyu tunamujua, anabeba simenti! Ile ni nguvu ya kawaida!"

"Tunataka mwembamba!"

Hapo mlango ukafunguka, akaingia yule papa wa ukuta na vijana wanne. Kati yao, kwenye chukudu, jiwe. La kweli. Walilishusha mbele yangu huku wanne wote wakitukana, na mbao za jukwaa zikalia.

"Hili ni la kwangu," papa akasema. "Tuone."

Nyuma ya pazia Direkta alinong'ona: "Usiseme sponji! Tafuta kitu!"

Kitu nilichopata ni Mwindo. Nguvu zake nyingi alizifanya kwa conga, usinga wake aliozaliwa nao mkononi. Nikainua mkono, nikatumia ile sauti ya mwenye nyumba.

"Ndugu zangu, ningeinua. Lakini conga yangu nimeiacha nyumbani."

Watu wakaguna kwa heshima. Walielewa. Nikaanza kurudi nyuma kuelekea pazia. Na pale kwenye benchi la kwanza mzee wa Walikale akasimama kwa shida, akaninyoshea usinga wake wa nzi.

"Chukua yangu, mutoto."

Hadi leo sijui kama alikuwa ananisaidia au ananimaliza. Nikauchukua. Nikapunga juu ya jiwe la papa. Jiwe likabaki jiwe. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na walipofika kumi na tano nikaona kiapo na franka 1000 viende vyao. Nikageukia jiwe letu, lile ambalo Kifua bado alikuwa amelishika, nikakamata kona, nikavuta kwa nguvu zote. Likararuka. Nikainua kipande.

"Sponji!" nikapiga kelele. "Munaona? Ni sponji!"

Hakuna aliyesikia, maana sali ilikuwa inalia. Walichokiona ni mtu mwembamba, usinga mkononi, anachana jiwe la volkano kwa vidole. Nusu ya watu walikimbilia mlangoni, nusu walikimbilia jukwaani. Motari wa jana alikuwa juu ya benchi, ananionyesha, machozi yanamtoka: "Niliwaambia! Niliwaambia!" Mimi nikarudia kurarua ili waone vizuri. Kila kipande kikawa kibaya kuliko kilichotangulia.

Aliyetuliza sali ni mama mmoja wa benchi la tatu, shangazi wa Direkta, muuza sambaza wa soko la Virunga. Alipanda jukwaani polepole, akaokota kipande, akakigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na kitambaa cha maua ya buluu.

"Hii ni matela yangu, godoro langu," akasema.

Kimya kikaanguka.

"Hii alama ni ya mutoto wangu wa mwisho. Alikojoa hapa usiku wa Noeli. Mimi ninalala chini, kwenye mukeka, ninaambiwa wezi."

Pazia likatikisika. Direkta alikwishapanda dirishani. Aliruka, akatua, akaruka tena, kama yule wa 1938, bila kamba.

Mimi nikashusha pumzi. Nikajisemea, imekwisha, sasa wamejua, nitaitwa mwongo, nitarudi kuwa mimi. Nikamrudishia mzee usinga wake. Ndipo mama jirani, yule wa pipa, akasimama.

"Mama, usimukasirikie," akamwambia shangazi. "Jana mimi mwenyewe nilisikia kwa walioona. Lilikuwa jiwe. Ni yeye aliyegeuza matela yako."

Sali ikafikiri kidogo. Kisha ikakubali, maana maelezo hayo yalijibu kila kitu: uzito, vitundu, maua ya buluu. Pasta akafungua daftari. Papa wa ukuta akalitazama jiwe lake kwa jicho jipya, akauliza taratibu kama linaweza kugeuka simenti.

Shangazi akawatazama watu, akanitazama mimi. Mwanamke huyu anauza samaki, na maisha yake yote amesikia wateja wakimweleza sababu za kutolipa. Akakusanya vipande vyote, akavipanga miguuni pangu, akavuta kitenge chake, akaketi juu ya jiwe lile lililoletwa na vijana wanne.

"Sawa," akasema. "Kama aligeuza, ageuze tena. Mimi niko hapa, ninangoja."